Mzee Nusu Saa na Ndoa Iliyotangazwa kwa Masikitiko

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yenu nyote mlioketi. Iwe pia juu yenu mnaonisikiliza mkiwa mmesimama, ingawa leo nitawaomba mkae.

Alasiri hii tunamkumbuka msimamizi wa kiwanda cha chapa, aliyetuaga Jumanne iliyopita. Wenzake walimwita Mzee Nusu Saa. Mjane wake amenipa ruhusa ya kuyasimulia maisha yake kwa sharti moja. "Kaka mtangazaji," aliniambia, "ukimaliza baada ya saa kumi na dakika kumi, nakuzima." Saa ya ukutani ninaitazama.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kupanga herufi za chapa za madini ya risasi. Herufi hizo hupangwa kinyume, na kwa hiyo macho yake yalizoea kinyume. Mjane wake anakumbuka: "Gazeti nililishika mimi, yeye akilisoma kutoka upande wa pili wa meza. Akinitangulia! Nikifika katikati, yeye ameshaanza kusikitika."

Alipofanywa msimamizi, aliweka kanuni moja tu. Kila siku, saa kumi na dakika kumi alasiri, mashine zizimwe kwa nusu saa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: saa kumi na dakika kumi, nusu saa kamili. Mwenye kuswali aliswali kwanza, kisha watu wote wakakutana kwenye benchi refu chini ya dirisha. Hapo hapakuzungumzwa kazi. Palichezwa drafti, pakatambwa mashairi, pakataniwa watu. Ukutani alibandika ubeti alioutunga na kuuchapa mwenyewe:

Kazi njema ifanyeni, wala msiidharau,
Ila saa ya amani, nafsi msiisahau,
Chuma chapozwa jamani, chuma kisicho nahau,
Sembuse mwenye maini, nusu saa angalau.

Benchi lile lilizaa mambo. Lilizaa timu ya mpira iliyofungwa kila Jumamosi kwa uaminifu mkubwa. Lilizaa vijitabu vya hadithi za watoto, vilivyochapwa kwenye vipande vya karatasi vilivyobaki, ambavyo wengi wenu mlijifunzia kusoma. Lilizaa hata ndoa yake mwenyewe, maana mfunga vitabu, mpinzani wake wa drafti, ndiye aliyekuwa na dada.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya. Alikuwa mtu mwema, lakini alitembea kama anayefukuzwa. Siku ya kwanza alilikuta benchi limejaa.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanapumzika, bwana mkurugenzi."

"Wamechoka?"

"Bado. Ndiyo maana wanapumzika."

Mkurugenzi hakucheka. Aliamuru benchi lipelekwe stoo, na nusu saa ikafutwa. Mzee Nusu Saa alitii, kwa kuwa kutii kulikuwa fungu la adabu yake. Alisema neno moja tu: "Tutaonana kwenye prufu." Prufu, kwa msioifahamu, ni karatasi ya majaribio inayosomwa kabla kazi haijachapwa.

Wiki tatu zikapita bila mapumziko. Siku hiyo mezani palikuwa na kazi mbili: kadi za mwaliko wa harusi ya binti wa mkurugenzi, na tangazo la msiba wa babu mmoja, mhasibu mstaafu. Mikono iliyochoka ikavibadilisha vipande vya herufi. Macho yaliyochoka yakasoma prufu na kuipitisha. Macho hayo, wasikilizaji wapendwa, yalikuwa ya Mzee Nusu Saa.

Tangazo la msiba lilikamatwa mlangoni. Lilisema hivi: "Kwa furaha isiyo kifani, mnakaribishwa kwenye mazishi ya babu yetu. Tafadhali msije na watoto." Lakini kadi za harusi mia tatu zilikuwa zimeshafika kwa wageni: "Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza ndoa ya binti yao mpendwa, iliyotokea baada ya kuugua kwa muda mrefu."

Mama wa bwana harusi alipiga simu. "Mkwe mwenzangu, tuambieni ukweli. Mtoto anaumwa nini?"

Siku mbili baadaye Mzee Nusu Saa aliitwa ofisini. Ajira ya miaka kumi na minne ilikuwa mezani kwenye bahasha. Nyumbani alikuwa na watoto wanne, na mkewe alikuwa akimngoja nje ya lango, kanga ameiuma kwa meno. Hakumtaja mpanga herufi yeyote. Alisema: "Kosa ni langu. Niliisoma nikiwa macho, ila macho yenyewe yalikuwa yamelala." Kisha akaifungua barua ya kuachishwa kazi na kuisoma polepole, kama asomavyo prufu. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Bwana mkurugenzi, naomba uipitie kabla sijaondoka. Umetia sahihi kwenye mstari wa anayeachishwa."

Mkurugenzi aliitazama barua. Akaitazama tena. Alikuwa hajalala siku mbili kwa simu za wakwe. Mfunga vitabu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni bila kualikwa, ndiye aliyenisimulia haya. Kisha mkurugenzi akacheka mpaka akashika meza. Barua ikachanwa. Akauliza: "Hilo benchi linabebwa na watu wangapi?" Yeye mwenyewe alilishika upande mmoja.

Kuanzia siku ile nusu saa haikuguswa tena, kwa miaka thelathini na moja.

Mimi si msomi wa mambo ya taifa. Lakini nimeona kwamba nyimbo tunazoimba, utani unaotupatanisha na hadithi tunazowalaza nazo watoto, havikutungwa na mtu aliyekuwa akikimbia. Mola wetu ameufanya usiku kuwa vazi na usingizi kuwa raha. Sisi ni nani hata tuione raha kuwa wizi?

Jumanne iliyopita, saa kumi na dakika ishirini, Mzee Nusu Saa aliinamisha kichwa juu ya ubao wa drafti, na hakukiinua tena. Mfunga vitabu bado analalamika huku akifuta machozi: "Shemeji yangu alikuwa na kete moja, mimi nne. Angeningoja dakika mbili tu! Miaka yote ananishinda, siku ya zamu yangu anaondoka."

Wafanyakazi walikuwa na hofu nyingine. Kiwanda sasa kinaongozwa na yule binti wa kadi. Baada ya maziko, mfunga vitabu alimsogelea. "Mama mkurugenzi, na nusu saa yetu je?"

Akajibu: "Mzee wangu, mimi niliolewa kwa masikitiko makubwa. Sitaki wanangu nao waolewe hivyo. Benchi haliondoki."

Kwa mjane, watoto, shemeji na wote wa kiwanda cha chapa, tunatoa pole zetu za dhati. Mwenyezi Mungu ampe mapumziko yasiyo na kengele ya kurudi kazini. Nasi tulio hai tujiulize: ni lini mara ya mwisho tuliketi na mtu bila kuwa na haja naye?

Saa ya ukutani inasema saa kumi na dakika tisa. Kuna shemeji mmoja ana kete nne na hana mpinzani. Aliye karibu na kiwanda, aende akakae naye. Mimi nazima kipaza sauti.