Mawe Tumboni mwa Mashine ya Rangi

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa sekta yetu ya Bugarama, masheikh na wachungaji, ndugu wageni mliovuka mpaka kutoka Bukavu, ba Papa na ba Maman wa ushirika wetu wa kutia vitambaa rangi: karibuni sana! Leo tunamuaga Mzee Latifu, fundi wetu, na mashine anayotuachia inanguruma vizuri kuliko siku tuliyoinunua.

Mimi Mukamurenzi, rais wenu wa ushirika, ndiye niliyeleta ule ujanja. Kwa nini tuchome kuni nyingi wakati chemchemi inatupa maji ya moto bure? Tukayavuta kwa bomba hadi kwenye mashine, mkanipigia makofi. Nani kati yetu aliuliza kama yana chokaa? Baada ya miezi minne pampu ilikuwa inakohoa, na vitenge vikatoka na madoa kama mtoto mwenye surua. Wateja wa Bukavu wakavirudisha vyote.

Nami nikafanya nini? Nikatafuta wa kulaumu! Sandrine, mpima rangi wetu, aliniambia, "Maman, rangi nilipima bien, vizuri kabisa." Sikumsikiliza. Nilimfukuza kazi mbele ya watu wote.

Wiki iliyofuata Mzee Latifu akafungua bomba, akanitolea kipande cha ukoko mweupe, kinene kama kidole. "Maman Prezida, hii mashine iko na mawe mu tumbo. Ule mutoto hana kosa." Nikakimbilia nyundo, akaninyang'anya! "Ukigonga utatoboa. Tuiogeshe." Siku mbili alizungusha humo maji vuguvugu yenye asidi ya ndimu, akayamwaga, akasuuza, mpaka mabomba yakang'aa. Kisha akatujengea tangi la maji ya mvua, yasiyo na chokaa, na akaweka sheria: kila mwisho wa mwezi mashine inaoga, oda ziwepo zisiwepo. Ndugu zangu, tangu hapo hatujarudishiwa hata kipande kimoja! Bluu yetu ni bluu kweli!

Je, yameisha? Bado. Mzee Latifu aliikataa sherehe hii mpaka nikubali sharti lake: "Ulimufukuza mbele ya bantu, umurudishe mbele ya bantu."

Ana haki. Sandrine, nakuona pale nyuma, karibu na mlango. Kosa lilikuwa langu, na nililijua siku ile ile bomba lilipofunguliwa, ila kiburi kilinifunga mdomo. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia kesho mashine hii iko mikononi mwako, na ukisema maji hayafai, nitanyamaza.

Mzee Latifu, Mungu akupe afya, hatuna cha kukulipa. Nanyi wote mlionipa masikio yenu, asanteni sana. Hapana, Sandrine, usije! Baki hapo hapo. Nipisheni njia, ba Maman, mimi ndiye ninayemfuata.