Bangili Mezani kwa Meja

SUAD: Haloo, ofisi ya mafaili. Haloo? Nani mwenzangu?

[Ti-ti-ti-ti. Sarafu inaanguka.]

KOKILA: Suad! Ni mimi, Kokila! Unanisi—

SUAD: Nakusikia, usipige kelele, hapa hospitali. Hujambo shoga?

KOKILA: Sijambo. Mumeo hajambo? Kazi?

SUAD: Wote wazima, na msimamizi wangu kanikodolea macho. Uko wapi?

KOKILA: Kilburn. Kibanda cha simu, ng'ambo ya barabara, nyumba ya Meja wako naiona hii hapa.

SUAD: Mbona unaiona kwa nje? Miadi yako ilikuwa saa nne na nusu.

KOKILA: Nimeshaingia. Nimeshatoka.

SUAD: Kakupa chumba?

KOKILA: Nimeharibu, Suad.

SUAD: Umeharibu nini katika dakika kumi na tano?

KOKILA: Kumi. Tano nilikuwa natafuta kengele ya mlango.

SUAD: Kokila, usinitanie. Kambi ya wakimbizi wamekupa mpaka saa ngapi?

KOKILA: Saa sita. Nisipowapigia na anwani ya Landani kabla ya saa sita, Darshan na watoto na mama mkwe wanaandikwa basi la kesho. Kaskazini. Mji wenyewe karani wa kambi kajaribu kuutamka mara mbili, akaniandikia.

SUAD: Na Darshan Jumatatu anatakiwa karakana ya hapo Kilburn.

KOKILA: Ndiyo. Wiki sita tangu tufukuzwe Kampala, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Haitamfuata huko.

SUAD: Basi nieleze kwa mpangilio. Nani alikufungulia?

KOKILA: Mwenyewe. Mrefu kama mlingoti, kavaa koti la jeshi mpaka magotini, vifungo vyote vimefungwa. Ndani ya nyumba, Suad!

SUAD: Lile koti ni la baridi. Hawashi hita mpaka Novemba ifike katikati, hata theluji ianguke sebuleni.

KOKILA: Mimi nitajuaje? Hukuniambia kuwa ni mwanajeshi.

SUAD: Si nilikuandikia kwenye barua, "Meja"?

KOKILA: Nilidhani ni jina tu! Kwani pale mtaani kwetu Hurumzi yule muuza kahawa hakuwa akiitwa Jenerali?

SUAD: [Anacheka.] Haya. Kakukaribisha.

KOKILA: Kanikaribisha, kaniketisha. Chai ipo, biskuti zipo, zimepangwa mstari mmoja. Nikasema, hapa kwa watu. Halafu akaenda kusimama upande wa pili wa meza, akanyoosha mkono, akasema: "Karatasi zako, tafadhali."

SUAD: Barua ya karakana. Mimi ndiye niliyemwambia utakuja nayo.

KOKILA: Najua sasa! Lakini ile sauti... Na lile koti...

SUAD: Sauti gani?

KOKILA: Ile ya askari wa vizuizi, njia ya Entebbe.

SUAD: Ukafanya nini?

KOKILA: Sikufanya mimi. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikafungua mkoba juu ya meza, ukabaki wazi. Nikavua saa. Nikavua bangili zote mbili. Nikaziweka mbele yake, karibu na biskuti.

SUAD: Mama we.

KOKILA: Na bangili zenyewe za plastiki! Nimepewa kambini na yule mama anayegawa nguo. Saa haitembei tangu Septemba. Nimemhonga mwenye nyumba kwa plastiki!

SUAD: Usicheke kwanza. Yeye alifanya nini?

KOKILA: Sicheki, nalia kwa kucheka. Alizitazama tu. Uso ukawa mwekundu, kisha mweupe. Akatoka chumbani bila neno. Nikamsikia anapanda ngazi. Nami nikakimbia.

SUAD: Ukaziacha?

KOKILA: Nimeziacha, nimeacha na mwavuli. Suad, nimemwita mzungu wa watu mnyang'anyi ndani ya nyumba yake.

SUAD: Ngoja. Alipotoka, mlango aliubamiza au aliurudisha taratibu?

KOKILA: Swali gani hilo?

SUAD: Jibu.

KOKILA: Taratibu. Kama kuna mtoto amelala.

SUAD: Basi hana hasira nawe. Nimepanga kwake miaka minne kabla ya kuolewa, nayajua mabamizo yake yote. Sarafu unazo?

KOKILA: Zipo kidogo.

SUAD: Basi sikiliza, nitasema upesi. [Kwa msimamizi, mbali na simu: Namalizia, bibie, simu ya mgonjwa!] Yule si Mwingereza, ni Mnorwei. Afisa wa mizinga. Jioni zangu nilikuwa namchapia historia yake ya kazi, kurasa mia na arobaini. Wajerumani walipoingia nchini kwao mwaka arobaini, alikuwa luteni na mizinga minne. Wakapiga wiki tatu mpaka makombora yakaisha, kisha yeye mwenyewe akang'oa vyuma vya kufungia nyuma ya mizinga, kimoja kimoja, akavitupa ziwani, ili adui asipate cha kutumia.

KOKILA: Darshan alifanya hivyo kwenye mashine zetu za kushona.

SUAD: Nini?

KOKILA: Kang'oa bobini zote usiku wa mwisho, kazitupa chooni. Endelea.

SUAD: Mume wako huyo ningempangisha mimi. Basi, Meja akavuka bahari mpaka Skotlandi. Miaka mitano, Kokila, anafundisha wenziwe kulenga vilima. Ameandika idadi ya kondoo waliokufa kwa bahati mbaya.

KOKILA: Wangapi?

SUAD: Kumi na mmoja. Vita vikaisha akarudi kwao. Mwaka arobaini na saba wakampeleka Ujerumani na kikosi chake, kukalia mji mdogo. Wakaweka kizuizi darajani, kukagua karatasi za wapitao.

KOKILA: Kizuizi.

SUAD: Ndiyo. Asubuhi moja akashuka darajani, askari wamekwenda kunywa chai, akasimama yeye. Akapita mwanamke wa Kijerumani na mkokoteni wa viazi. Meja akamwambia, karatasi zako, tafadhali.

[Laini inakwaruza.]

KOKILA: Akavua nini?

SUAD: Pete. Akaiweka juu ya kile kizuizi bila kuulizwa, akatazama pembeni.

KOKILA: Alikuwa amezoea.

SUAD: Alikuwa amezoea. Hivyo ndivyo Meja alivyojua kazi ya askari wake. Akaandika ripoti mwenyewe, majina matatu, tarehe, na kilichochukuliwa. Wakubwa wakamwambia, iweke kabatini, hawa ni vijana waliopigana, na yule ni Mjerumani. Akaipeleka. Vijana wakafungwa. Naye hakupanda cheo tena. Miaka minane meja, halafu akaacha, akaja Landani ofisi ya meli. Ukurasa ule wa daraja nimeuchapa mara nne. Kila mara anafuta neno moja.

KOKILA: Basi ndiyo nimemuua kabisa. Napanda treni.

SUAD: Huendi popote! Rudi ndani.

KOKILA: Nimwambie nini? Samahani bwana, nilidhani jambazi, je chumba kina maji ya moto?

SUAD: Mwambie ukweli. Usimwambie ulivyojisikia, hilo hajui alishike wapi. Mpe tarehe. Mpe idadi. Vizuizi vilikuwa vingapi?

KOKILA: Vitano. Kutoka Kampala mpaka uwanja wa ndege.

SUAD: Wakachukua nini?

KOKILA: Cha kwanza, saa ya ukutani ya mama mkwe. Cha pili, redio. Cha tatu, bangili zangu za harusi, na kiatu kimoja cha Darshan.

SUAD: Kimoja?

KOKILA: Kimoja! Mpaka leo najiuliza yule askari ana mguu mmoja? Cha nne hawakuchukua kitu. Walituuliza kwa upole mbona tunaondoka.

SUAD: Na cha tano?

KOKILA: Cha tano tulipita.

SUAD: Kokila.

KOKILA: Tulipita, nimekwambia. Suad, ameondoa kadi dirishani.

SUAD: Kadi gani?

KOKILA: Ile ya "Chumba kinapangishwa". Nimemwona mkono. Basi, imekwisha.

SUAD: Kadi huondolewa kwa sababu mbili.

KOKILA: Mlango unafunguka. Anatoka! Hana kofia, na mvua hii. Anavuka barabara bila kutazama magari, Suad, basi zima limefunga breki!

SUAD: Anatazama nini?

KOKILA: Mimi. Amefika. Amesimama nje ya kibanda. Hagongi.

SUAD: Hawezi kugonga, unaongea na simu. Atapanga foleni.

KOKILA: Foleni ya mtu mmoja? Analowa!

SUAD: Basi mfungulie! Usikate simu, iweke pembeni. Mwambie.

KOKILA: Yote?

SUAD: Kwa mpangilio.

[Mlango unalia. Mvua.]

SUAD: Haloo? Kokila? ... [Kwa msimamizi, mbali na simu: Bado, bibie, mgonjwa kaenda kuchukua kalamu.] ... Kokila?

[Ti-ti-ti-ti. Sarafu inaanguka.]

SUAD: Nani katia sarafu? Haloo?

KOKILA: Yeye. Kapitisha mkono juu ya kichwa changu, katia.

SUAD: Umemwambia?

KOKILA: Nimemwambia.

SUAD: Vyote?

KOKILA: Vyote vitano.

SUAD: Hata cha tano?

KOKILA: Hata cha tano.

SUAD: Mimi hukuniambia.

KOKILA: Wewe ungelia. Yeye aliniuliza tarehe.

SUAD: Haya. Naye kasema nini?

KOKILA: Kasema ghorofa ya pili, vyumba viwili. Kasema watoto wasiteleze kwenye mbao za ngazi. Sasa anataka nitoke.

SUAD: Utoke wapi tena?

KOKILA: Kibandani! Kashika namba ya kambi, anataka kupiga mwenyewe. Anasema anwani ikitoka kinywani mwa mwenye nyumba, karani hana la kupinga. Saa tano na dakika tano, anasema. Kanionyesha saa yake.

SUAD: Basi mpe simu!

KOKILA: Lakini hasikii vizuri, nimemwambia kila kitu mara mbili. Ataelewana nao vipi?

SUAD: Hana haja ya kuwasikia. Wao watamsikia mpaka jikoni, miaka ile yote ya mizinga! Toka, Kokila!

KOKILA: Vyumba viwili, Suad! Nitakupi—

SUAD: Kata simu!