Herufi Z ya Marehemu Abdulwahab

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Kama huamini kwamba wazee watatu wenye akili zao waligombania herufi mbili mpaka kahawa ikapoa, basi hujawahi kukaa mtaa wetu wa Rasbura, na ufunge mdomo wenzako wasikie. Benchi lenyewe liko chini ya dirisha la Bi Mwahija. Ndani ya dirisha hilo marehemu mumewe, Abdulwahab, alikuwa na stesheneri, akiwachorea wanafunzi wa vyuo ile michoro ya programu za kompyuta: visanduku na mishale, hiki kinapeleka habari kile, kile kinarudisha jibu huku. Walimletea karatasi zilizokwaruzwa kama kapita kuku, akawarudishia kazi imenyooka. Mausi, kile kipanya cha kushika mkononi, hakuwa nayo. Ya kwanza iliharibiwa na chumvi, ya pili sisimizi walihamia ndani, ya tatu hakununua. Alichora kwa kibodi tu, tak, tak-tak, na wale wa benchi wakabishana juu ya mlio huo miaka yote. Sasa arobaini imepita. Asubuhi ile Bi Mwahija alikuwa ameitoa kompyuta nzima, kioo, sanduku na kibodi, akaipanga barazani juu ya mkeka. Ameiahidi shule ya sekondari, na mwalimu yuko njiani kuifuata.

Aliyeanza ni Ridhiwani, ambaye mtaani huitwa Kaimu, kwa sababu utumishi wake wote serikalini alikaimu na hakuthibitishwa hata siku moja. Aliinamia kibodi.

— Hebu tazameni. Herufi zote zinasomeka, ila D na G zimelika mpaka zimekuwa vipara. Na kitufe hiki cha pembeni, Kontroli, kimebonyea kabisa.

— Uzee, akasema Bi Mwahija, akimimina kahawa. Hata wewe umelika.

— Uzee ungezila zote sawasawa, shemeji. D na G ni ngazi za mshahara. Mwenzetu alikuwa anaandika barua za kudai kupandishwa kutoka D kwenda G. Kimyakimya.

— Apandishwe na nani? Hakuajiriwa na mtu.

— Ndiyo maana hawakumjibu.

Klementi wa Rutamba aliweka kikombe chini. Yeye wanamwita Padri. Alisoma seminari kidogo, akakutana na Brigita, seminari ikaishia hapo.

— Hicho ni Kilatini, akasema. Deo Gratias. Tumshukuru Mungu. Tulikuwa tunaiimba kila asubuhi.

— Padri, mume wangu alikuwa akiadhini.

— Sisemi alibatizwa. Nasema alishukuru.

— Nyie hamjui mji mnaoishi, akadakia Yunusu, huyu wa kuitwa Antena, maana hakuna habari inayompita, iwe kweli au isiwe. D ni dili. G ni gesi. Vile visanduku vyake ni matangi, mishale ni mabomba. Unadhani wale wataalamu wenye kofia ngumu walikuwa wanapita mtaa huu kutafuta nini?

— Barabara ya juu ilikuwa imechimbwa, akasema Bi Mwahija.

— Na nani aliichimba? Mradi mzima wa gesi umo humo ndani, bi mkubwa, nawe unaugawa kwa watoto wa sekondari. Usiitoe mashine hiyo.

— Ameahidi, akasema Padri.

— Basi na aahirishe.

Hapo wote watatu, bila kuambiana, wakageuza shingo kuangalia dirishani. Dirisha likabaki dirisha.

— Mnakumbuka? akauliza Kaimu. Uongo wa Antena ukizidi, mlio ulikuwa unakatika. Ndipo tunajua jamaa anasikiliza.

— Siku nyingine alikaa kimya hivyo mpaka mimi mwenyewe nikapunguza, akasema Antena. Saa hizi nasema ninavyotaka. Hainogi.

Bi Mwahija akawaongezea kahawa ambayo hawakuiomba. Yeye hakuwa mtu wa kuukumbuka mlio, ndivyo alivyojiambia. Ila alizoea kulala alasiri mlio huo ukiwa upande wa pili wa ukuta, na tangu msiba alasiri yake imekuwa ndefu, macho makavu, akihesabu mabati.

Bajaji ikasimama. Akashuka binti mwenye miwani, Warda, mwalimu wa kompyuta.

— Shikamoo bibi. Shikamooni wazee.

— Marahaba. Mzigo huo hapo. Lakini kwanza waambie hawa, D na G ni nini, wanywe kahawa yangu kwa amani.

Warda akachuchumaa, akaangalia vitufe, akacheka kidogo.

— Ni njia za mkato. Ukishika Kontroli ukabonyeza D, kisanduku kinazaa pacha wake. Kontroli na G, unavifunga pamoja kama tita la kuni, vinahama kwa mpigo. Mtu asiye na mausi atavisugua kweli.

— Hata gesi kidogo? akauliza Antena.

— Hata kidogo, babu.

Kisha akasogeza miwani, akagusa ukingo wa kibodi.

— Ila hii Z inang'aa kama ya dukani. Kontroli na Z ndiyo inayorudisha ulichokosea. Unabonyeza mara moja, kosa halipo. Ndiyo huwa inalika kuliko zote. Kwani yeye alikuwa anajua kama ipo?

Kaimu akamtazama Padri. Padri akamtazama Antena. Antena akatazama bajaji.

— Hakuwahi kuwaambia?

— Sisi tulikuwa chini ya dirisha, mwanangu, akasema Padri. Ndani hatukuingia.

Bi Mwahija alisimama na birika mkononi. Akilini alimwona mumewe akikosea mshale mmoja, akisonya, akiufuta mchoro wote na kuanza tena kutoka kisanduku cha kwanza, wali ukipoa, yeye akimfokea kutoka jikoni, naye akijibu, nakuja, nauanza tena tu. Usiku mwingi ulikwenda hivyo. Labda hakujua. Labda alijua, akaona haya kuitumia. Wa kumuuliza alikuwa chini ya mchanga.

— Ni kitu rahisi, bibi, ngoja niiwashe nikuonyeshe, akasema Warda, kidole kikielekea kwenye Z.

— Usiiguse hiyo.

Akaweka birika juu ya benchi, akainama, akachomoa kibodi.

— Chukua kioo, chukua na sanduku. Michoro yake imo humo, watoto wakajifunze. Hiki hakiendi.

— Bibi, bila kibodi hawatafanya chochote.

— Watafutie kingine. Wakisugue wenyewe.

— Bi mkubwa, akaanza Antena, sasa ile dili...

— Kunyweni, mkimaliza osheni vikombe.

Akakitia kibodi kwapani, waya ukiburuzika nyuma yake. Ukanasa kizingitini. Akauvuta, ukaingia wote, akafunga mlango.