Bi. Nthenya, Aliyewapikisha Wanaume Viazi

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, afisa wetu wa kilimo Bi. Nthenya Kiilu anastaafu tarehe 30 Juni 1994, na ofisi haijui itacheka na nani tena. Aliajiriwa mwaka 1967, akazunguka Kitui na Makueni kwa baiskeli hadi mbwa wa Matinyani wakachoka kumbwekea.

Kilichompa jina ni viazi vitamu. Mwaka 1982 tuliletewa aina mpya nne, tukazipanda katika shamba la majaribio huko Matinyani, wakulima wachague moja na zilizobaki zing'olewe. Kila mtu alitia punje ya mahindi katika kibuyu cha aina aliyoipenda. Wanaume walitangulia, wake zao wakafuata wakiwatazama waume zao, na kiazi kikubwa cheupe kikashinda kwa kishindo. Mzee Kivuva, mwenyekiti wa wakulima, alishaanza kukiona kikigombaniwa sokoni Sultan Hamud.

Lakini Bi. Nthenya alikuwa amewasikia akina mama jikoni wakikisifu kile kidogo chekundu. Wao ndio huhifadhi marando, mashina ya viazi ya kupanda, wakiyastawisha nyuma ya bafu yanywe maji ya kuoga, na waliona ya chekundu ndiyo yanayovumilia jua. Na kesho yake chekundu kingeng'olewa!

Akasimamisha kazi. Kura irudiwe, wanawake wapige kwa mbaazi, kivyao, wanaume kwa mahindi. Ila kwanza kila upande upike kiazi chake. Jamani, moshi uliofuka kwa wanaume siku hiyo! Mzee Kivuva alifunua sufuria, akaonja, akatangaza mwenyewe: "Wasee, hii ni uji, si kiazi." Tulicheka mpaka machozi. Chekundu kilizoa mbaazi zote na mahindi mengi.

Ukame wa 1984 ulipoisha, marando mabichi yalikuwa nyuma ya bafu tu, na wanaume walipanga foleni kuyaomba kwa wake zao, Mzee Kivuva mbele kabisa. Tangu hapo hakuna aina inayotoka kwetu bila wanawake na wanaume kupiga kura kila mmoja upande wake.

Sisi maofisa haturuhusiwi kupiga kura hiyo. Mwezi ujao wakulima wa Matinyani watachagua tena, na Bi. Nthenya, ambaye atakuwa mkulima wa huko, atashika mbaazi yake ya kwanza. Asante kwa yote, Mama, na ustaafu wako uwe wa shibe na furaha. Itie punje yako unakopenda. Hatutachungulia.