Jumamosi Saa Kumi kwa Bi Hortensia

Sogeeni, wanangu, sogeeni mnisikie, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya kutumika mara moja tu na sitairudia. Casilda, weka hilo trei la chai chini, vikombe vinaweza kungoja. Eliodoro, vuta kiti ukae upande huu wa kulia, na usilie. Tangu utotoni kilio chako hakijawahi kumsaidia mtu, na leo sina nguvu ya kukubembeleza. Padri amenipaka mafuta asubuhi, daktari amesema siku mbili, nami mwenyewe nasema ni chini ya hapo. Sasa ni saa tisa na kitu, watu wameanza kuingia uani, nasikia viti vikiburutwa. Kabla vijana hawajaanza kupiga, nitakuwa nimemaliza.

Mnajua baba yenu alipofariki aliniachia nyumba hii, ukumbi wenye piano na viti themanini, na upweke. Jirani walinishauri nikodishe ukumbi kwa ajili ya harusi. Mimi nikasema hapana, kila Jumamosi saa kumi alasiri utapigwa muziki wa noti, na watakaopiga ni vijana ambao hawajawahi kusimama mbele ya watu, mtoto wa hakimu na mtoto wa muuza mkate kwa zamu moja. Miaka thelathini na mitatu sasa. Mji mzima wa Sucre umekaa kwenye viti vile. Wapo waliotoka hapa wakafika Santiago, wakafika Madrid, na mkiwauliza walianzia wapi watawatajia jina langu, ila hawatalitaja kwa upendo.

Kwa nini hawatalitaja kwa upendo? Kwa sababu ya ile desturi yangu. Kijana akishamaliza kupiga, nilikuwa nasimama pale kando ya piano na kusema sentensi moja juu yake, mbele ya wote. Moja tu. Kuna mvulana wa watu wa Potosí nilimwambia, "Piano hii haijakukosea kitu, kwa nini unaipiga?" Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, na yule kijana leo ana duka la rangi. Nikaja kugundua kwamba wengi hawakuja kusikia muziki, walikuja kusikia ulimi wangu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa, wanangu. Mimi nilijua ninapokanyaga, na nilikuwa nakanyaga kwa kisigino.

Sasa sikilizeni habari ya Saturnina Colque, ambayo katika nyumba hii haijatajwa kwa miaka ishirini na minne, ingawa sote watatu tunalala nayo.

Mama yake, Fermina, alikuwa mfuaji wetu wa nguo. Binti alifundishwa fidla na mzee wa kwaya wa parokia, na ni wewe, Casilda, uliyemsikia ukamleta hapa, ukakubali kumpigia piano ya kumsindikiza. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa Agosti, na kutoka Buenos Aires alikuwa anakuja mwalimu mmoja mkubwa kuchagua kijana mmoja wa kwenda naye kusoma. Mji mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba kijana huyo ni Eliodoro, na fidla ya babu yake. Alhamisi yakafanyika mazoezi. Nilikuwa jikoni nachambua karanga za mchuzi, yule binti akaanza kile kipande cha polepole, nami nikabaki na karanga mkononi, sijui niitie wapi. Nilisikia, wanangu. Mungu alininyima vitu vingi lakini masikio alinipa. Nilisikia kwamba mwanangu ni fundi wa vidole, na kwamba yule mtoto wa mfuaji ni kitu kingine ambacho hakifundishwi.

Jioni ile Eliodoro alikuja chumbani kwangu. Casilda, wewe hukuwapo, na hukuwahi kuambiwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda hiki hiki akasema, "Mama, yule akipiga, mimi sipigi." Akaenda kulala, akalala vizuri. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikutaka kulia, nikaamua alie mwana wa mwenzangu.

Jumamosi nikampanga wa tatu. Fermina alikuwa amekuja na sketi yake ya sherehe, amekaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, kofia nyeupe ameipakata. Binti akapiga ukurasa mmoja. Ukumbi ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena, na yule mwalimu alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Nikasimama nikainua mkono. Hakuna kijana aliyewahi kukatizwa hapa, hata yule wa duka la rangi. Nikasema, "Inatosha, binti. Mama yako ana nguo za kuanua, nenda kamsaidie."

Wakacheka. Walicheka kwa sababu walizoea kucheka nikisema. Hata mwalimu akatabasamu, maana mgeni hucheka na mwenyeji wake. Na wewe, Casilda, uliendelea kupiga piano peke yako, sehemu ya kusindikiza bila wa kusindikizwa, mpaka mwisho wa mstari, halafu ukashusha mfuniko, na tangu siku hiyo hujaupandisha. Saturnina hakulia. Alilegeza upinde, akafuta unga wa ulimbo wa upinde uliobaki kwenye fidla kwa kitambaa, polepole kama mtu aliye kwake, akainamia watu, akatoka. Fermina akanijia hadi mbele, machoni pa watu wote. Nikadhani atanitukana, na ningependa angenitukana. Akaniambia, "Bi Hortensia, nguo zako nitakuletea Jumatatu." Na Jumatatu akazileta, zimepigwa pasi, hazina hata kunyanzi. Kisha hakurudi tena.

Eliodoro, ulikwenda Buenos Aires, na baada ya miezi kumi na minne ukarudi ukisema baridi imekuharibu vidole. Baridi ya kule si kali kuliko ya hapa, mwanangu. Kila aliyepiga katika ukumbi ule alipata sentensi yake isipokuwa wewe, nikakukinga nayo miaka yote hii kana kwamba nakukinga jua. Ichukue sasa: ulikuwa na vidole vyema, na hukuwa na la kusema. Usiniangalie hivyo. Ningekuambia ukiwa na miaka ishirini, leo ungekuwa mtu mwingine, huenda hata mwenye furaha. Ukatili wangu kwako ulikuwa huo wa kunyamaza.

Jumanne iliyopita nilimtuma Casilda kule mlimani Surapata, nyuma ya gereji, ambako Saturnina anafundisha watoto ishirini na wawili kupiga fidla. Akaja. Ana mvi. Akakaa palepale ulipokaa wewe, Eliodoro. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili tu, nikamwambia, "Saturnina, nilikosea."

Akasema, "Hukukosea, Bi Hortensia. Ulisikia vizuri. Ndiyo maana ulifanya."

Wanangu, nimesema sentensi za kuumiza kwa miaka thelathini na mitatu, na sijawahi kusema moja iliyofika pale ilipofika ile. Nilimwomba anipigie kidogo, akasema fidla hakuja nayo. Nikamwambia achukue ukumbi, zamu za Jumamosi ziwe zake. Akasema watoto wake wataogopa kuta hizi. Mwisho akakubali viti, kwa sababu watoto wanakalia makreti ya soda. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Basi huu ndio wosia wangu. Nyumba ni ya Casilda, pamoja na piano, na akitaka kuifanya kuni asiulizwe na mtu. Viti themanini ni vya Saturnina, na utavipeleka wewe, Eliodoro, kwa mikono yako, usikodi gari wala mpagazi, viwili viwili mpaka viishe, mlima wote ule. Cha mwisho ukishakiweka chini, utamwambia Saturnina kile ulichokuja kuniambia Alhamisi ile ukingoni mwa kitanda. Usipofanya hivyo, fidla ya babu yako isibaki kwako. Ukifanya, ibaki, nawe upige unapokuwa peke yako. Jumamosi ya leo iwe ya mwisho. Mazishini mwangu msilete mpigaji yeyote, wala mtu asisimame kunisifu, nizikwe kimya.

Nipe maji, Casilda... Yatosha.

Nawabariki. Mungu awape kile nilichowanyima. Eliodoro, akupe ukweli mapema, hata kama ni mapema ya uzeeni. Casilda, binti yangu, akupe... akupe siku nyingi ambazo mimi simo.

Zimebaki dakika ngapi? Leo ni wangapi? Watatu. Nani anafungua? Msichana wa selo, ile fidla kubwa ya kukalia, ndiyo. Niacheni sasa, nendeni mkakae na wageni, na huo mlango wa ukumbini uacheni wazi, nisikie.

Unasema nini, Casilda? Sema kwa nguvu, masikio yanaziba.

"Vijana wameomba ufungwe, mama. Wanakuogopa."

Aha.

Ni haki yao. Basi usiwacheleweshe, mwanangu, saa kumi ni saa kumi. Nenda... Ufunge.