Siku Nilizuia Ndege ya Mukubwa Yangu

Bamama na batata, ndugu zangu wote wa hiki kikundi cha wenye kufiwa, amani kwenu. Mama mwenye kutuongoza aliniomba mara mingi nisimame hapa mbele, na kila mara nilimujibu: ngoja kwanza, bengine baanze. Leo nimekosa maneno ya kukimbia. Mukiona nashikilia hii kiti, muniache niishike.

Sitataja majina. Batu nitakaobasema bako na batoto hapa mukini, na mumoja wao ameketi ndani ya hii salle.

Mimi niko fundi wa ndege ku Rughenda, kiwanja cha ndege cha hapa Butembo. Si rubani, hapana. Mimi njo ule mutu munaonaka chini ya bawa, na nguo zimejaa mafuta, mukiwa na haraka ya kupanda. Kazi yangu zaidi ni pompi za mafuta. Mafuta haingii mu moteur yenyewe, kuko pompi yenye kuisukuma. Na mafuta, hata tuichuje namna gani, inabebaka kavumbi, inabebaka maji kidogo, na inapita kwa nguvu. Polepole inakula chuma. Ni kama vile muto inakulaka kando ya shamba yako. Leo huoni kitu, kesho huoni kitu, siku moja unaamuka unakuta mustari muzima wa viazi umeenda na maji.

Shida ni hii: pompi inaliwa ndani, lakini inje inabaki muzuri. Haivuji. Haipigi kelele. Njo maana tunaifungua mapema, mbele ivuje. Tunachukua tochi na kioo kidogo, tunapitisha ukucha pole pole, tunapima ukuta wa chuma umebaki namna gani. Ukingoja ivuje, itavuja ikiwa juu ya milima na batu ndani.

Sasa niongee juu ya mukubwa yangu, ule alizaliwa mbele yangu, nilikuwa namuita Yaya.

Baba yetu alikufa tukiwa badogo. Mukubwa yangu aliacha masomo, akaanza kutoa viazi na mboga ya poireaux ku Luofu, anauzisha hapa Butembo. Bega lake moja lilishuka kwa kubeba mizigo, hata akivaa shati muzuri lilikuwa linaonekana. Mimi nilisoma mécanique kwa hiyo bega. Nilipopata kazi, alikuwa anakuja ku Rughenda siku ya posho, njo Jumamosi, anasimama kwa lupango ya kuzunguka kiwanja, anaangalia ndege inapanda. Halafu anawaambia batu asiowajua: "Mwenye anaiangaliaka ni mudogo yangu." Nilikuwa nasikia haya. Nilimuambia, "Yaya, acha basi." Yeye anacheka.

Lakini yeye mwenyewe hakupanda ndege hata siku moja. Alisema atapanda akiwa na sababu.

Sababu ilikuja. Miguu ilivimba, uso ukavimba, kumbe mafigo yake yalikuwa yamechoka. Docteur akatuita mu bureau, mimi na shemeji yangu, bibi yake. Akasema: "Hapa hatuna mashine ya kusafisha damu. Mumupeleke Goma, na musikawie." Wakati ule barabara ya Goma ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita. Ilibaki ndege. Mimi mwenyewe nilimutafutia nafasi, karibu na dirisha, upande wa kuona milima. Mimi mwenyewe, ndugu zangu.

Siku ya kusafiri, shemeji alimuleta na gari ya jirani. Alikuwa amevaa koti yake ya Misa. Nilimusalimia mbio mbio kwa dirisha ya gari, nikamuambia, "Yaya, leo utaona mawingu kwa juu." Akajibu, "Na wewe uiangalie muzuri." Nikacheka, nikaenda.

Ndege ilifika kutoka Beni. Rubani akashuka na uso wa mawazo. Akaniambia, "Fundi, mushale wa presha ya mafuta ulikuwa unatetemeka tulipokuwa tunashuka. Kidogo tu." Nikasema, "Nitafungua."

Nikatoa pompi. Inje ilikuwa safi. Nikaifungua, nikaweka tochi, nikaweka kioo. Ndugu zangu, ukuta wa ndani ulikuwa umeliwa. Si mukwaruzo, hapana. Kuko mahali ukucha yangu iliingia kama mu embe ya kuoza. Nilipima, nikapima tena. Chuma iliyobaki ilikuwa kama karatasi ngumu. Pompi ingine hatukuwa nayo, ilipashwa kutoka Goma kwenyewe.

Chef wetu akaja. Akaangalia, kisha akasema, "Si imekuja nayo kutoka Beni? Ipige hii safari moja. Ku Goma batabadilisha."

Nabaambia ukweli, siku ile sikuwa na ujasiri wowote. Roho yangu yote ilikuwa upande wa chef. Nilimuona mukubwa yangu mu gari. Nilijua ndani ya damu yake kuko sumu inapanda. Nikajiambia, hii pompi imetoka Beni, mbona ishindwe kufika Goma? Nilishika kile kifuniko, nikataka kukirudisha. Mikono yangu ilikataa. Mule kungeingia bamama na mizigo yao, batoto, rubani mwenyewe. Na mukubwa yangu pia.

Nikasema, "Chef, hii ndege haitoki."

"Unajua nani iko kwa liste ya benye kupanda?"

"Najua."

Chef akaenda mu salle ya kungojea. Hakueleza kitu juu ya chuma. Alisema tu, "Safari imekufa. Fundi amekataa." Nikasikia kelele. Batu balinitukana kwa Kinande, kwa Lingala, kwa Kifaransa. Mimi nilibaki mu hangari, nafunga mabomba ili mafuta isimwangike.

Halafu shemeji akaja mpaka kwa mulango. Alikuwa amekimbia, kitambaa cha kichwa kimeteleza.

"Mukubwa yako anakuita."

"Nakuja. Nimalize kufunga hapa."

"Anasema uje."

"Nakuja, shemeji. Kidogo tu."

Ni kweli, mafuta ilikuwa inatiririka mu mikono yangu. Lakini nabaambia pia kitu ingine: niliogopa macho yake. Nilitaka kwanza nipate neno la kumuambia. Nilifunga bomba ile moja, nikafunga ingine, nikapangusa mikono, nikapangusa tena. Nilipotoka, gari haikukuwapo. Balikuwa bamesikia kwamba ku Beni kuko ndege ingine asubui yake, na hospitali ya kule itamushika mpaka wakati ule. Baliondoka mbio.

Nikachukua motard, nikapanda nyuma ya pikipiki yake, nikabafuata. Ile barabara munaijua, vumbi na makamio makubwa ya kubeba mbao. Nilipofika kwa lango ya hospitali ya Beni, nilisikia sauti ya shemeji ndani, analia. Sikuuliza kitu. Nilijua.

Kwa kilio, pale matanga, shemeji hakuniangalia. Siku ya kumuzika tu, tukiwa tunatoka ku makaburi, alikuja karibu na mimi akasema polepole, kusudi mama yetu asisikie: "Uliwafikiria batu bote ba ndani ya ndege. Na ule wa ndani ya gari, yeye hakukuwa mutu?"

Nyuma ya mazishi, ile pompi ilitumwa kwa bale benye kuzitengeneza. Jibu likarudi: ukuta ulikuwa karibu kupasuka, na pale pale kando kulikuwa waya ya umeme, mafuta ingeshika moto. Chef akanishika mukono mbele ya batu. Rubani akaniletea soda, akalia. Kila mutu ku Rughenda akaanza kuniita mwokozi. Nikaenda kumuambia shemeji. Nilifikiri itamusaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chuma yako ilikuwa kweli. Bwana yangu pia alikuwa kweli." Akaingia ndani, akafunga mulango.

Hapo njo nilianguka.

Nilirudi kwa kazi, lakini macho yangu yaliharibika bila ugonjwa. Kila pompi niliyofungua niliona imeliwa. Nzima nilikataa, mupya nilikataa. Benzangu balipima nyuma yangu, bakakuta hakuna kitu. Nafikiri nilikuwa najiambia, kama hii nitaiachilia iende, kwa nini ile siku sikuachilia? Nilisimamisha ndege bure, batu bakalala njiani bure. Mwisho mimi mwenyewe nilimuambia chef, "Unitoe, sioni tena." Nikabaki nyumbani. Misa niliacha. Bibi yangu alikuwa anaweka chakula mbele yangu, anakiondoa vile vile. Wakati mwingine kasiksi, ile pombe ya ndizi, ndiyo ilikuwa chakula yangu.

Kwa kunihurumia, jirani mumoja alinitafutia kazi ku Beni, mu garage ya muzee mumoja Mwislamu mwenye makamio ya kubeba kakao. Nikaanza kutengeneza pompi za makamio. Kamio ikizimika, unashuka, unasukuma. Nilipenda hivyo.

Muzee alikuwa mutu wa maneno kidogo. Siku moja, nyuma ya sala ya saa sita, akaketi karibu na mimi kwa tairi. Akasema, "Wewe njo ule fundi wa Rughenda."

Nikasema ndiyo. Nikangoja anisifu, kama bengine, ao anitukane.

"Siku ile nilikuwa mu salle, na bibi yangu na mutoto. Nilikutukana sana. Nilipokuwa nakutukana, niliona gari inatoka na mugonjwa, na mwanamuke anashika kichwa yake kwa mapaja. Nyuma yake niliambiwa ni mukubwa yako." Akanigeukia. "Pole sana kwa mukubwa yako."

Ni hivyo tu alisema. Lakini ndugu zangu, tangu kifo kile, batu balikuwa bananiongelesha juu ya pompi. Bale ba kunilaumu, pompi. Bale ba kunishukuru, pompi. Mimi pia, usiku na muchana, pompi. Ule muzee njo wa kwanza kunipa pole kwamba nimefiwa na mukubwa yangu. Nililia pale chini ya kamio mpaka bafundi bengine bakatoka inje batuache.

Nilipotulia, akaniuliza, "Mujane yake alikuelezea namna alikufa?"

"Hapana. Sijamuuliza."

"Lakini, unangoja nini? Nenda umuulize."

Nilipanda Butembo kesho yake. Shemeji alikuwa anachambua maharagi kwa mulango. Sikuongea juu ya chuma. Nikasema, "Shemeji, nimekuja kusikia njia yenu ya Beni. Sikuwa na ninyi. Unielezee."

Alichambua kwanza sana. Kisha akaanza. Akanielezea kwamba ku Maboya, njiani, yaya aliomba basimamishe gari, akataka ndizi ya kuiva, akala nusu. Kwamba alisikia joto lakini alikataa kutoa koti. Kwamba alimuchokoza dreva juu ya namna anapiga honi kwa mbuzi, na hata shemeji alicheka. Mimi nilikuwa najua tu hangari na lango ya hospitali. Kumbe katikati mukubwa yangu alikuwa bado anaishi.

Nikamuuliza, "Alikuwa ananiitia nini?"

Shemeji akaacha maharagi. "Sijui. Sikumuuliza. Alisema tu, niitie mudogo yangu."

Tulilia sisi wawili. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuomba. Lakini nilipoamuka kwenda, aliniambia, "Kesho mama yenu anakuja kukula hapa. Na wewe uje." Nikaenda.

Pole pole nilirudi. Muzee wa Beni mwenyewe aliniambia, "Kazi ya makamio inakuwa ya kuazima tu kwako." Ku Rughenda balinipokea, balinikalisha kwanza kando ya fundi mwingine mpaka macho yangu yakatulia. Sasa nafungua pompi, ya kuliwa nasema imeliwa, ya muzuri naiachilia iende. Na kuko kitu moja nimebadilisha. Ndege nikiikataa, siachi chef aende kuongea. Naenda mimi mwenyewe mu salle, na mafuta mu mikono, naeleza batu nimeona nini. Kisha nauliza: kuko mugonjwa? Kama iko, naketi naye kwanza. Bengine bananitukana bado. Sawa.

Namushukuru ule muzee wa Beni, Mungu amulinde. Namushukuru bibi yangu, mwenye hakuchoka kuweka sahani. Ninyi wa hiki kikundi, mulinipokea kama mufiwa, hamukuniuliza juu ya ndege. Na wewe, shemeji yangu, uliyeketi nyuma karibu na mulango: asante, wasingya. Wasingya sana.

Ndugu zangu, hamutasikia hapa kwamba maumivu yangu imekwisha. Ndege ile, hata leo ningeikataa. Sijutii hiyo. Najutia ile mwendo fupi kutoka hangari mpaka kwa gari, ile sikutembea. Mukubwa yangu alitaka kuniambia neno, na mimi sitalijua mpaka nikufe. Nimekubali kuishi hivyo. Lakini kati yenu kuko mwenye anaitwa leo na mutu wake, na anajibu "nakuja, kidogo tu." Huyo, asingojee tumalize mukutano. Mulango uko wazi, atoke aende.