Mama Pindo Hakunenepa, Alivimba

"Mdogo wako anakula nini siku hizi, mbona anazidi kunawiri?"

Jirani yetu muuza mkaa aliniuliza hivyo mwaka 2016, tukiwa kwenye foleni ya maji, na hakuwa na nia mbaya. Nilimjibu kwamba anakula vidonge. Akacheka, akadhani namtania. Ndugu waombolezaji, huyo mdogo wangu ndiye tunayemzika leo, na kabla hatujamfukia ni vizuri mjue alivyoishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1973, kitinda mimba katika watoto wanne wa fundi baiskeli na mkunga, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mwembamba mno, hata marehemu baba yetu akawa anamtania kwamba spoku za baiskeli zimemzidi unene.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1987. Shule yenyewe hakuipenda sana, Mungu amsamehe, ila somo la ushonaji hakulikosa. Alimshonea mwalimu wake pindo la sketi likanyooka kuliko la dukani, na hapo ndipo jina la Pindo lilipomganda.

Alishona kwa watu tangu mwaka 1990, na mwaka 1998 akakodi sehemu kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na stendi, yeye na shoga yake, kila mmoja na cherehani yake. Walishona sare za shule, mapazia na magauni ya maharusi. Siku moja mama mmoja mnene aliona aibu vipimo vyake kutajwa mbele ya watu. Marehemu akaanza kumnong'onezea shoga yake kila namba, uso umekunjwa kama anatoa siri ya serikali, mpaka yule mama akacheka mwenyewe. Tangu hapo barazani pale mwili wa mtu hautajwi kwa sauti. Yeye hakutendewa hivyo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996 na fundi bomba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mungu akawajalia binti, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mwana, ambaye ni dereva wa lori.

Mwaka 2014 vidole vyake vilianza kuvimba, kisha magoti, kisha mapafu yakamsumbua. Daktari alieleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka mwenyewe, akamwandikia vidonge vya steroidi, vya kuituliza kinga hiyo. Vilimrudishia mikono. Asubuhi aliposhika mkasi bila kulia, alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama. Lakini dawa ile inatoa kwa mkono huu na kuchukua kwa mkono ule. Uso ukawa duara, nundu ikaota nyuma ya shingo, ngozi ikawa ya kuchanika kwa kuguswa tu. Usingizi ukamkimbia, njaa isimwache, sukari ikapanda. Alivumilia hayo miaka yote, na watu wakaona unene tu. Akaitwa bonge, akaitwa tipwatipwa. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alimshauri afunge, kwa kuwa ulafi ni dhambi. Marehemu akamwambia asante.

Mwaka huu binti yake alipoposwa, wanawake wa ukoo tulichaguliwa kitambaa cha rangi moja. Wifi yake mmoja ndiye aliyekusanya vipimo, akawa anavisoma sebuleni. Alipofika kwenye vya marehemu, alisimama, akamtazama.

"Huyu ni mama wa bibi harusi au hema la harusi? Wifi yangu, viache hivyo vidonge. Picha zinakaa milele."

Sebule ikaangua kicheko. Marehemu naye alicheka, maana ndivyo alivyolelewa.

Daktari alikuwa amemwonya tangu mwanzo kwamba dawa ile haikatwi ghafla. Mwili ukizoea kuletewa husahau kujitengenezea, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari mwenyewe. Marehemu alilijua hilo. Aliacha vidonge vyote kwa mpigo. Mume wake alipogundua alimsihi sana, naye akamjibu kwamba hata gauni hupunguzwa taratibu kama mwenyewe ana subira, ila harusi haina subira, ikipita atavirudia.

Akaanza kutapika na kuishiwa nguvu. Alikonda, gauni lake la harusi ya binti likapunguzwa mara mbili. Siku ya harusi, tarehe 5 Aprili 2025, alisimama ameshikilia kiti, kizunguzungu kimemshika, na kila aliyepita alimpongeza kwamba sasa amekuwa mtu. Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, hayajaniuma kama pongezi zile.

Jioni ile alianguka ukumbini. Hospitali walimrudishia dawa kwa mshipa, akazinduka, uso ukaanza kujaa tena, lakini mapafu yalikuwa yameshazidiwa. Daktari alipouliza nani alimwambia aache dawa, alijibu kwamba hakuna. Alimsitiri aliyesema na waliocheka. Mimi nimewasomea tu yaliyotokea. Hukumu ni ya Mungu. Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2025, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe, kaka mmoja, dada wawili, mashemeji na mawifi, na shoga yake wa barazani. Mwenyezi Mungu amlaze mahali ambapo hakuna anayepimwa kwa macho.

Gauni analozikwa nalo ni jipya, kazi ya shoga yake. Wapo waliouliza kwa nini hakuvikwa lile la harusi, lililogharimu vile. Tumefuata maneno yake aliyotuambia kitandani:

"Nikifa, msilete gauni dogo mkalipasua mgongoni ili linienee. Nishoneeni la mwili wangu huu. Lisinibane."